Kilebu kwa daktari: tumwache au tumchukue?

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wazee walionirithisha methali hii hawakuhitaji kunieleza maana yake, kwani katika utoto wetu wa kutembea miguu mitupu miiba yenyewe ilitosha kuwa mwalimu. Sikudhani kwamba uzeeni, baada ya miaka mingi ya kuwafafanulia wanafunzi methali hiyo hiyo ubaoni, ningefundishwa upya na jino la mnyama asiyezidi uzani wa pakiti mbili za unga.

Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka jana. Mimi ninaishi Migori, na mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa amekuja kukaa nami. Asubuhi moja tulipanda matatu, tukapita Awendo na Rongo, tukashika barabara ya Rodi Kopany hadi Homa Bay kumwamkia dada yangu, ambaye nyumba yake haiko mbali na ufuo wa ziwa. Mimi nilikwenda kumwona dada. Mjukuu alikwenda kuchukua kilebu aliyeahidiwa.

Kilebu mwenyewe alikuwa na umri wa miezi miwili hivi, manyoya yake rangi ya mchanga, na doa jeupe kifuani. Mjukuu alimpa jina la Simba hata kabla hajamshika. Alipomshika, alimshika saa mbaya, kwani kilebu alikuwa akila vichwa vya samaki katika sufuria kuukuu. Akageuka ghafla, akamng'ata mtoto kidole cha shahada. Yalitoka matone mawili ya damu, basi.

Dada yangu akacheka. "Ni meno ya maziwa hayo, kaka. Mpake chumvi kidogo, yatakwisha."

Nami ningalicheka pamoja naye, lau jirani mmoja mzee aliyekuwa akianika omena uani kwake asingaliinua kichwa na kuuliza: "Huyo si mtoto wa yule mbwa aliyekuwa akiyumba?"

Hapo ndipo tulipopata habari ambazo hakuna aliyeona haja ya kuzisema mapema. Siku kadhaa kabla ya kufika kwetu, mama yake kilebu alikuwa ameacha kula. Sauti yake ilibadilika, mate yakamtoka, akawa anang'ata nguzo za ua. Kisha akaondoka, akakutwa amekufa kando ya barabara. Watu walidhani amepewa sumu, wakamzika, na mambo yakaishia hapo.

Msomaji, sijui wewe ungalifanya nini. Mimi nilimshika mjukuu mkono, nikamketisha penye maji, nikamwosha kidole kwa sabuni huku nikitazama saa hadi dakika kumi na tano zikatimia. Alilalamika kwamba jeraha haliumi hata kidogo. Nikamwambia kwamba tunaosha kile tusichokiona.

Tulipofika hospitalini, muuguzi aliuliza umri wa mtoto, akauliza saa ya kung'atwa, akalitazama jeraha. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na mbwa yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba amefungiwa ndani ya kikapu kwa dada yangu.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi mzee, hakikisha anabaki hai."

Ningependa maneno hayo yaandikwe katika ubao wa kila soko, kuanzia Isebania hadi Mbita. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikishapenya jerahani hufuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongo. Kwa binadamu safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa yaweza kuwa fupi au ndefu zaidi. Dalili zikishajitokeza, dawa hakuna, na takriban kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikitangulia, mtu huokoka. Kwa hiyo sindano ya kwanza haingoji uchunguzi wowote, na mjukuu wangu alidungwa siku hiyo hiyo. Ile dawa nyingine ya kinga za tayari, ambayo hudungwa penye jeraha ikiwa ngozi imetoboka, ilitubidi tuitafute hadi kesho yake.

Sasa, mbwa hai anahitajika kwa nini? Mate ya mbwa mgonjwa huwa na virusi kwa siku chache tu kabla dalili hazijaonekana. Mbwa aliyekuwa na sumu hiyo mdomoni alipomng'ata mtu, basi, ataugua waziwazi na kufa kabla ya siku kumi kupita. Akiwa bado mzima siku ya kumi, jino lake halikuwa na kichaa, na daktari aweza kuamua kukatiza sindano zilizosalia. Mbwa aliye hai ni shahidi ambaye hakuna awezaye kumhonga.

Nilirudi kwa dada yangu na kumkuta mpwa wangu ameshika rungu. Nia yake ilikuwa njema, ya kumlipizia kisasi mtoto. Nikamwomba aliweke chini. Mbwa akiuawa kwa kupondwa kichwa tunapoteza mara mbili, maana hatutaiona siku ya kumi, na maabara haitaweza kuusoma ubongo uliosagika. Ubongo ndio unaochunguzwa ili kuthibitisha maradhi haya, na vijana wetu huanza papo hapo.

Shauri la pili lilikuwa nimchukue Simba hadi Migori, nimfunge nyumbani na kumtazama mwenyewe. Lilinivutia, nakiri. Lakini je, ni haki kumpakia katika matatu, mapajani mwa abiria wasiojua lolote, mnyama ambaye mimi mwenyewe ninamshuku? Nikifika nyumbani, mtoto huyo huyo atamwacha? Shauri la tatu lilikuwa kumwacha pale pale kwa dada, katika ua usio na lango, ambamo watoto wa majirani huingia na kutoka kama kuku. Nalo nilililitupa. Likabaki la nne, la kumwacha kwa daktari wa mifugo.

Daktari tuliyempata alikuwa na chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alinisikiliza bila kunikatiza, akamtazama kilebu akiwa amevaa glavu, kisha akasema: "Mwalimu, mwache hapa siku kumi."

Hapo ndipo nilipositasita, na kwa sababu hii hasa ninaandika leo. Katika kizimba cha kwanza mlangoni alilala mbwa kijana aliyekonda, akitapika na kuharisha damu. Nilikuwa nimesoma kuhusu parvo, ugonjwa ulioenea duniani tangu mwaka 1978, unaowaua hasa vilebu wasiochanjwa. Virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi na husafiri katika nyayo za viatu na mikononi mwa watu. Dawa ya kuviua mwilini hakuna. Mganga humwongezea mnyama maji na kumtunza hadi mwili wake wenyewe ushinde, iwapo utashinda.

Yaani mahali nilipoambiwa nimwache Simba kwa usalama wa mtoto ndipo palipokuwa na hatari kubwa kwake yeye. Tena hatari hiyo haikuwa ya Simba peke yake. Lau angaliugua na kufa siku ya saba kwa maradhi ya jirani yake, shahidi wangu angalikufa kabla ya kutoa ushahidi.

Nikamuuliza daktari maswali, nami nayataja hapa ili mwingine asihitaji kuyatunga akiwa amechanganyikiwa. Je, umesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na cheti kiko wapi? Kilebu huyu atalala wapi, na je, chumba hicho kimetengwa na cha wagonjwa wengine? Nani atamlisha, kwa bakuli lipi, na ataosha mikono kabla au baada? Usiku kuna nani? Utanipigia simu lini? Gharama yote ni kiasi gani, na unaweza kuniandikia? Na la mwisho, ambalo lilinikaba koo: akifa, utafanya nini?

Daktari hakukasirika. Alinionyesha cheti chake ukutani. Akanipeleka nyuma, penye ghala dogo lenye mlango wa kufuli, mbali na vizimba. Akasema atamlisha yeye mwenyewe kabla ya kuwagusa wagonjwa, kwa bakuli lisilotoka humo. Akisema usiku hakuna daktari, yupo bawabu tu. Atapiga simu kila jioni. Kilebu akifa atamwita afisa wa serikali, ili kichwa kipelekwe maabara kikiwa kizima na kimehifadhiwa penye baridi.

Jibu lililoniridhisha zaidi ni lile la bawabu, kwa sababu halikuwa na pambo. Mtu anayekuambia upungufu wake kabla hujaugundua ndiye wa kumwachia amana.

Tulipokuwa tukitoka, mjukuu aliniuliza, "Babu, tunamwacha kwa sababu ameniuma?"

"Tunamwacha ili tujue," nilimjibu. Hakuridhika, lakini alitembea.

Siku hizo kumi zilikuwa ndefu. Tulirudi Migori, mtoto akaendelea na sindano zake, nami kila magharibi nilikaa na simu mkononi. Jioni ya nne ililia mapema kuliko kawaida. Simba alikuwa ametapika. Sikulala usiku ule. Asubuhi daktari alikipima kinyesi chake na kukuta minyoo, akampa dawa. Kumbe hiyo nayo si habari ndogo, kwa kuwa baadhi ya minyoo ya mbwa humwingia binadamu, na watoto wanaochezea udongo ndio wa kwanza kuipata.

Siku ya kumi ilipotimia Simba alikuwa mzima, akiubwekea mlango. Daktari wa mtoto akaamua kwamba sindano zilizosalia hazihitajiki. Daktari wa mifugo naye alinionya kwa maneno ambayo sitayasahau: siku kumi humsafisha jino, hazimsafishi mbwa. Sababu ya kifo cha mama haikujulikana, na kilebu aliyeambukizwa aweza kukaa miezi kadhaa kabla ya kuugua. Kwa hiyo Simba alichanjwa, akaletwa Migori ndani ya sanduku la mbao, akakaa miezi sita katika banda la waya lenye kufuli, akihudumiwa na mimi peke yangu. Mjukuu aliporudi likizo ya Agosti alimsalimia kutoka upande wa pili wa waya.

Wenzake Simba walikuwa watatu. Dada yangu aliwafuata kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Wawili walipatikana, na wenyewe wakaelezwa. Wa tatu alikuwa ameuzwa sokoni kwa mtu asiyejulikana. Hadi leo hatujui aliko.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na matajiri wa Nairobi, na kwamba mzee mzima anayepiga simu kila jioni kuulizia hali ya mbwa amekosa kazi. Nawajibu kwamba maradhi haya si mageni kwetu. Kumbukumbu za serikali zaonyesha kwamba kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Binadamu wa kwanza aliyeandikwa kuwa na ugonjwa huo, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa bonde la Ziwa Victoria. Alikuwa wa kwetu. Leo inakadiriwa kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, na duniani kote watu 59,000. Takriban wote huambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Nisieleweke vibaya. Simwambii kila mwenye kilebu akamwache kwa daktari. Ukaguzi wa kawaida, yaani kupima joto, kutazama ufizi na macho, kusikiliza moyo, kupima kinyesi na kudunga chanjo, hauhitaji mnyama alale huko. Kaa naye, umshike mwenyewe, uondoke naye. Kilebu ambaye hajakamilisha chanjo zake asiwekwe chini katika sakafu ya zahanati, na asiachwe huko kwa sababu tu wewe una shughuli sokoni. Mwache iwapo pana jambo linalohitaji jicho la mtaalamu usiku na mchana: amemng'ata mtu, ameishiwa maji mwilini, au anashukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Nje ya hayo, nyumbani ni salama zaidi.

Wala tusijidanganye kwamba kilebu ni mdogo mno kuchanjwa. Dhana hiyo imeenea sana, na kwa sababu yake wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani siku ya kampeni. Shirika la Afya Duniani lashauri mbwa wote wachanjwe katika kampeni, wakiwemo wale wa chini ya miezi mitatu, kisha warudiwe baadaye.

Sasa nigeukie wakubwa. Migori na Homa Bay zilipokuwa bado wilaya moja ya Nyanza Kusini, afisa wa mifugo alikuwa mtu wa kuonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuwaajiri moja kwa moja madaktari wa mifugo waliohitimu, na huduma nyingi zikaachiwa mfuko wa mwananchi. Mwenye ng'ombe wa maziwa alilipa, kwa kuwa ng'ombe hurudisha gharama. Nani angemlipia mbwa? Hivyo tukabaki na chumba kimoja nyuma ya duka, na bawabu.

Hata hivyo, Katiba ya mwaka 2010 haikumsahau mbwa. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti huduma za mifugo, utoaji wa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Aidha, mwaka 2014 nchi yetu ilitangaza mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mwaka huo hauko mbali. Je, katika kaunti zetu mbili, mwananchi aliyeng'atwa leo usiku ataelekezwa wapi ampeleke mbwa? Naomba mahali pamoja tu katika kila kaunti ndogo, chumba chenye kufuli, sakafu inayooshwa, na mtu wa kuwajibika, ambapo mbwa aliyemng'ata mtu atakaa siku kumi bila kuwaambukiza wengine wala kuambukizwa nao.

La kutia moyo ni kwamba kazi hii yawezekana. Wataalamu husema kwamba tukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Ndugu zetu wa Pemba waliuondoa kisiwani mwao mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje, wakarudi kuchanja, na kufikia mwishoni mwa 2018 walikuwa wameufukuza mara ya pili. Kisiwa kina bahari ya kukilinda. Sisi tuna mpaka wa Isebania ambao mbwa huuvuka bila pasipoti. Hiyo ni sababu ya kushirikiana na majirani zetu wa Mara, na wala si udhuru wa kukaa kitako.

Simba yuko Migori, mzima, na banda lake sasa halina kufuli. Mjukuu wangu anamwogesha kila likizo, na kidole chake hakina hata kovu. Lakini kila nisikiapo mbwa wakibweka usiku upande wa soko, humkumbuka yule ndugu yake aliyeuzwa, na mtoto mwingine nisiyemjua aliyempa jina.